Unga mmoja, namba tatu: yaliyonipata nikipima chembe za platini

Unga ulikuwa mmoja, wa chupa moja, wa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali: platini asilimia 1 kwa uzito, imebebwa na alumina ya gama, aina ya oksidi ya aluminiamu. Mashine ya eksirei ilisema fuwele za platini zina upana wa nanomita 18 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Hadubini ya elektroni ikasema 2. Kipimo cha gesi ya kaboni monoksidi kikaangukia katikati, karibu 3.6. Niliziandika namba hizo tatu ubaoni mbele ya kikao cha maabara, na mwenzangu mmoja akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo kichwani: ipi kati ya hizo ni mbovu?

Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba hakuna iliyokuwa mbovu. Muda huo ulikwenda na usingizi wangu, na saa nyingi za hadubini ambazo maabara ililipia kwa saa, nikiwa nimekaa gizani natafuta kosa lisilokuwepo. Naandika kwa ajili ya wale wanaoingia kwenye kazi hii wakidhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba ukubwa wa chembe ni namba moja inayosubiri kusomwa.

Kwanza, kwa nini tunahangaika na ukubwa. Mmenyuko wa kichocheo hufanyika juu ya uso wa metali. Kwa platini kuna kanuni ya haraka: gawanya 1.1 kwa kipenyo cha chembe katika nanomita, upate takriban sehemu ya atomu zilizo usoni. Chembe ya nanomita 2 ina kama nusu ya atomu zake nje. Chembe ya nanomita 18 ina kama asilimia 6 tu. Zilizobaki zimefukiwa ndani, ni mtaji uliolala. Kwa hiyo kati ya 2 na 18 hatubishani juu ya tarakimu. Moja inasema kichocheo ni kizuri, nyingine inasema tumeteketeza platini bure.

Nilianza na eksirei kwa sababu ndiyo rahisi: unasaga unga, unausawazisha kwenye kishikio, unaondoka, unarudi na mchoro wa vilele. Urahisi huo una mtego, na kwa platini juu ya alumina ya gama mtego ni mkali kuliko kawaida. Ukitumia mionzi ya shaba yenye urefu wa wimbi wa nanomita 0.15406, vilele vya platini hukaa karibu na pembe za nyuzi 39.8, 46.2 na 67.5. Alumina ya gama nayo ina vilele vipana karibu na 39.5, 46 na 67. Ni kana kwamba vimepangiana miadi. Mtu asiyejua huona mwinuko kwenye nyuzi 39 na kitu, anaandika jina la platini juu yake, na mchezo umekwisha. Nimeona michoro ya aina hiyo kwenye mabango ya mikutano, na nadhani waliochora waliamini kwa dhati.

Kinachosaidia ni alumina tupu. Chukua ileile iliyotumika kutengeneza kichocheo, ipitishe kwenye maji, ukaushaji na joto lilelile, bila platini. Ipime kwa masharti yaleyale, kisha utoe mchoro wake kwenye mchoro wa kichocheo. Pia tazama mbali zaidi: platini ina kilele karibu na nyuzi 81.3, mahali ambapo alumina ina kelele kidogo. Watu wengi husimamisha kipimo kwenye nyuzi 80 kwa mazoea tu. Endelea hadi 90. Ni dakika chache za ziada.

Baada ya kutoa alumina, nilibaki na kilele chembamba, safi, cha kupendeza. Hapo unakimbilia mlinganyo wa Paul Scherrer, wa tangu 1918, ambao husema kilele kikiwa chembamba fuwele ni kubwa, kikiwa kipana fuwele ni ndogo. Zidisha 0.9 kwa urefu wa wimbi, kisha gawanya kwa upana wa kilele kwenye nusu ya kimo chake ukizidishwa na kosini ya nusu ya pembe iliyosomwa. Upana lazima uwe katika radiani. Kilele changu kilikuwa na upana wa nyuzi 0.47 baada ya marekebisho, yaani radiani 0.0082, na jibu likawa nanomita 18. Ukisahau kugeuza nyuzi kuwa radiani utapata nanomita 0.3, karibu sawa na upana wa atomu moja ya platini. Hilo angalau linajitangaza lenyewe kuwa upuuzi. Hatari zaidi ni kusahau kugawanya pembe kwa mbili, kwa maana jibu linalotoka linaonekana la busara kabisa.

Nimesema "baada ya marekebisho" kwa sababu mashine yenyewe hupanua kila kilele kidogo. Pima unga wa lanthani heksaboridi, ambao fuwele zake ni kubwa na safi kiasi kwamba upana wowote unaouona ni wa mashine, halafu uutoe. Maabara nyingi wanao kwenye kabati. Ukiambiwa "huwa hatuhitaji", usikubali pale fuwele zako zinapozidi nanomita 20 hivi, maana ndipo upana wa mashine unapoanza kushindana na upana wa sampuli.

Basi 18 ilikuwa imehesabiwa vizuri. Nikaenda kwenye hadubini nikitarajia kuthibitisha.

Kwa hadubini, unga husagwa, hutiwa kwenye ethanoli, hutikiswa kwa mawimbi ya sauti, na tone moja hudondoshwa kwenye kiwavu cha shaba chenye utando wa kaboni. Nikavuta picha hadi chembe zikaonekana, nikazipima zaidi ya 200, nikachora histogramu yenye kilima kimoja kizuri kwenye nanomita 2. Hakuna hata moja iliyokaribia 18.

Hapa nilikuwa na hakika kwamba eksirei imenidanganya. Nilirudia upimaji, nikabadilisha kishikio, nikapima tena lanthani heksaboridi. Kilele kilibaki kilekile. Nikashuku kwamba chupa zimechanganywa. Nikatengeneza sampuli upya kutoka kwenye chupa ileile, na majibu hayakubadilika. Msimamizi wangu, kwa upole uliouma kuliko ukali, alipendekeza nichukue likizo fupi.

Aliyenitoa kwenye shimo hilo ni fundi mzee wa hadubini, mtu wa maneno machache. Alizipitia picha zangu zote bila kusema kitu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, picha zako nzuri. Zile mbaya ziko wapi?"

Sikumwelewa. Akanionyesha kwamba kila picha ilitoka kwenye ukingo mwembamba wa kipande cha alumina, mahali ambapo elektroni hupita kwa urahisi na chembe huonekana vizuri. Vipande vinene, vyeusi, nilivipita. Pia kila picha ilikuwa imevutwa karibu sana, kiasi kwamba eneo nililochunguza kwa jumla lilikuwa dogo mno. Akasema, "Sasa piga hesabu. Chembe moja kubwa ina uzito wa ngapi ndogo?"

Nilipiga hesabu pale pale. Ujazo hukua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo. Gawanya 18 kwa 2, upate 9; zidisha 9 kwa 9 kwa 9, upate 729. Chembe moja ya nanomita 18 ina platini sawa na chembe 729 za nanomita 2. Kwa hiyo kama unga wangu ulikuwa na chembe moja kubwa kwa kila ndogo 729, nusu nzima ya platini ilikuwa imejificha kwenye zile kubwa, na mimi, kwa kuhesabu mia mbili na kitu, nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kutokutana na hata moja.

Eksirei nayo iliona upande mwingine wa jambo hilohilo. Kilele cha fuwele ya nanomita 2 kina upana unaozidi nyuzi 4. Kinatandazwa chini kama ukungu na kupotea ndani ya alumina. Kilele cha nanomita 18 kinasimama chembamba juu ya ukungu huo, na jicho, pamoja na programu, hukamata hicho tu. Hadubini ilikuwa inahesabu vichwa. Eksirei ilikuwa inapima uzito.

Na kaboni monoksidi? Gesi hiyo hujishika juu ya atomu za usoni, kwa hiyo hupima eneo la uso. Nikachukua dhana ya nusu kwa nusu: nusu ya platini kwenye chembe za 2, nusu kwenye za 18. Wastani wa uso unaotoka kwenye mchanganyiko huo ni nanomita 3.6. Nilikaa nikiitazama karatasi. Namba tatu ambazo wiki nzima zilikuwa zinagombana zilikuwa zinasimulia unga mmoja wenye makundi mawili ya chembe.

Ushahidi wa hesabu haukutosha, ilibidi kuziona. Tulifanya mambo mawili. Kwanza tulibadilisha namna ya kupiga picha, tukatumia kigunduzi kinachokusanya elektroni zilizotawanyika kwa pembe kubwa. Kwenye picha hizo mwangaza hupanda kwa kasi kadiri namba ya atomu inavyopanda. Platini ni 78, aluminiamu ni 13, oksijeni ni 8, kwa hiyo platini hung'aa hata ndani ya kipande kinene. Ni njia ya ukoo mmoja na ile ambayo Albert Crewe na wenzake huko Chicago waliitumia mwaka 1970 kuonyesha atomu mojamoja za metali nzito. Kwenye picha za kawaida, doa jeusi linaweza kuwa platini au likawa fuwele ya alumina iliyokaa kwenye pembe inayotawanya elektroni kwa nguvu. Ukiinamisha sampuli nyuzi chache, doa la alumina hufifia au kuhama, la platini kwa kawaida hubaki. Fanya jaribio hilo kabla ya kuhesabu chochote.

Pili, tuliacha kusaga. Punje nzima za kichocheo, zile tulizokuwa tukizisaga kuwa unga, zilifukiwa kwenye gundi ya resini na kukatwa kwa kisu cha almasi kuwa vipande vyembamba, chini ya nanomita 100. Ni kazi ya mkono mtulivu, na mikono yangu si mitulivu, kwa hiyo nilimwachia mwenye ujuzi. Tulianza kwa ukuzaji mdogo, tukitazama punje kutoka ukingoni hadi katikati. Chembe kubwa zilikuwepo. Karibu zote zilijipanga kwenye ganda la nje la punje. Ndani kulikuwa na zile ndogo tu. Kwa kusaga, tulikuwa tumechanganya ganda na kiini na kuifuta ramani iliyokuwa inatuambia chanzo cha tatizo.

Chanzo kilikuwa ukaushaji. Punje zilizolowa mmumunyo wa chumvi ya platini ziliwekwa moja kwa moja kwenye oveni yenye joto kali. Maji yalipokimbilia nje yalibeba chumvi, ikarundikana kwenye ganda, na joto la baadaye likaigeuza kuwa chembe nene.

Kuhusu kipimo cha gesi nina machache, ila yana uzito. Namba inayotoka inategemea dhana kwamba molekuli moja ya kaboni monoksidi hukaa juu ya atomu moja ya platini. Baadhi hukaa kama daraja juu ya atomu mbili, kwa hiyo andika dhana uliyotumia. Kabla ya kupima, metali hupunguzwa kwa hidrojeni, yaani huondolewa oksijeni, kisha hidrojeni iliyoshikwa usoni lazima iondolewe sampuli ikiwa bado moto, la sivyo nafasi zimeshakaliwa. Klorini iliyobaki kutoka kwenye chumvi nayo hukalia nafasi. Ukiwa na kibebeo cha titania, yaani oksidi ya titani badala ya alumina, kuwa mwangalifu zaidi: mwaka 1978 Tauster na wenzake walionyesha kwamba metali za kundi la platini juu ya titania, zikipunguzwa kwa hidrojeni kwenye nyuzi 500 za selsiasi, karibu hazishiki tena gesi, ingawa chembe hazijakua. Ukisoma namba hiyo bila kujua, utaripoti chembe kubwa zisizokuwepo. Na kwa paladi usitumie hidrojeni kiholela, maana paladi huinywa hidrojeni ndani ya fuwele yenyewe na namba inavimba.

Kuna jambo jingine ambalo sikupanga kulieleza, lakini ndilo ninaloulizwa zaidi: utajuaje kwamba fuwele unayoiona ni ya metali gani? Wengi hupima umbali kati ya mistari ya atomu kwenye picha, wanapata nanomita 0.23, wanaandika "platini". Tazama majirani: platini 0.2265, paladi 0.2246, dhahabu 0.2355, fedha 0.2359, na alumina ya gama nayo ina tabaka la karibu 0.228. Ukipima kwenye picha isiyosawazishwa vizuri, kosa la asilimia 2 au 3 ni la kawaida, na kosa hilo linatosha kukutoa nchi moja hadi nyingine. Dhahabu na fedha hazitenganishwi hata na eksirei ya kawaida, kwa kuwa fuwele zao zina ukubwa wa kimsingi karibu sawa. Mstari mmoja haumtambulishi mtu. Tafuta seti mbili za mistari ndani ya chembe ileile na upime pembe kati yao. Kwa metali hizi, seti mbili za tabaka lilelile la karibu 0.23 hukutana kwa nyuzi 70.5. Kisha muulize kigunduzi cha mionzi ya elementi. Ila kumbuka kiwavu chako ni cha shaba, kwa hiyo shaba itaonekana kila mahali. Mwenye kichocheo cha shaba atumie kiwavu cha dhahabu au cha nikeli, asije akasherehekea kiwavu.

Mwali wa elektroni nao si mtazamaji tu. Chembe ndogo za metali hutembea, hugeuka na kuungana ukizimulika kwa muda. Siku hizi napiga picha ya kwanza haraka, kwa mwali hafifu, kisha narudi mahali palepale mwishoni na kupiga nyingine. Zikitofautiana, natumia ya kwanza peke yake. Fundi yule alikuwa na tabia ya kulenga lensi kwenye kipande cha jirani, halafu kuhamia kwenye kipande cha kupigwa picha, ili mwali wa kulenga usiguse chembe zitakazohesabiwa. Nimeiiga.

Kwa wanaoshughulika na nikeli au kobalti, mambo mawili ya haraka. Kobalti na chuma humulikwa na mionzi ya shaba zikarudisha mionzi yao wenyewe, na mchoro huinuka kama mlima usio na vilele. Badilisha tyubu au rekebisha kigunduzi kabla ya kulaumu sampuli. Na unga wa nikeli uliopunguzwa kwa hidrojeni unaweza kushika moto ukikutana na hewa. Hata usiposhika moto, uso wake hugeuka oksidi mara moja, kwa hiyo unachopima baadaye si kile kilichotoka kwenye tanuri. Upitishe kwanza kwenye oksijeni kidogo iliyochanganywa na gesi tulivu, na uandike kwenye daftari kwamba ulifanya hivyo.

Mara nyingine fuwele na chembe si kitu kimoja. Chembe za dhahabu hasa huweza kuundwa na vipande vitano au ishirini vilivyoshikana kwa pembe. Scherrer atakupa ukubwa wa kipande, hadubini itakupa ukubwa wa chembe nzima, na hapo eksirei ndiyo itakayotoa namba ndogo zaidi. Kwetu ilikuwa kinyume, na kinyume hicho ndicho kilichopaswa kunishtua tangu mwanzo: hakuna namna fuwele iliyo ndani ya chembe ikawa kubwa kuliko chembe yenyewe. Eksirei ikisema 18 na hadubini ikasema 2, kuna chembe ambazo hujaziona.

Tulitengeneza fungu jipya. Punje zilikaushwa polepole, kwanza kwenye joto la chumba usiku kucha, kisha joto likapandishwa kidogokidogo. Kilele chembamba kwenye eksirei kilipungua sana, ingawa hakikuisha, na kaboni monoksidi iliyoshikwa ikaongezeka. Kwenye ripoti tuliweka namba zote tatu kwa mstari mmoja, kila moja na aina ya wastani wake: kwa idadi, kwa uso, kwa ujazo. Chini yake tukaweka picha ya ukuzaji mdogo inayoonyesha chembe kubwa zilizobaki kwenye ganda. Mhakiki mmoja aliomba tuiondoe kwa kuwa inachafua hoja. Tulimjibu kwa kumwonyesha hesabu ya 729, na picha ikabaki.